Mchezo wa 2D si mchezo wa maskini: waache kuwadanganya vijana

Kwenye nyumba za kucheza video za Goma, Bukavu ao Bunia, kuna neno moja ambalo vijana wanalitumia kama tusi. Mtu akifungua mchezo kwenye simu yake, wenzake wakaona picha bapa, mtu mdogo anayetembea kutoka kushoto kwenda kuume bila kina, kicheko kinaanza: "Ni 2D hiyo!" Maana yake ni mchezo wa watoto, mchezo wa zamani, mchezo wa mtu mwenye hana makuta. Tusi hilo limeingia shuleni, limefika kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, na kubaya zaidi, limeingia kwenye vinywa vya watu wazima wanaojiita wakufunzi wa kompyuta. Hao wanawaambia vijana kwamba mwenye hana mashine ya kutengeneza 3D asijisumbue hata kuanza.

Ni uongo. Na uongo huo una bei. Kuna mzazi anayelilia simu mpya ya mtoto juu yake, na kuna kijana mwenye kipaji anayeacha kujifunza juu yake.

Kwanza ieleweke tofauti yenyewe, maana wengi wanaobishana hawaijui. Picha ya 2D ina upana na urefu wa kwenda juu, basi. Mchoraji anachora mtu, mti, jiwe, kisha kompyuta inavipanga vipande hivyo kwenye kioo na kuvisogeza, sawa na mtoto anayesogeza picha zilizokatwa kwa makasi juu ya meza. Picha ya 3D inaongeza kina. Pale hakuna mchoro wa mtu; kuna umbo la mtu lililojengwa kwa pembetatu ndogo nyingi sana, maelfu kwa maelfu, na juu ya pembetatu hizo kumebandikwa ngozi, nguo, kutu ya bunduki, majani. Kila mara mchezaji anapogeuza kamera, mashine inapiga hesabu upya: pembetatu ipi inaonekana, ipi imefichwa, mwanga unatoka wapi, kivuli kinaanguka wapi. Hesabu hiyo inarudiwa mara 30 ao 60 kila sekunde. Ndiyo sababu simu inakuwa moto mkononi kama chungu, na batiri iliyojazwa asubuhi inakufa kabla ya saa sita.

Kwa hiyo 2D na 3D ni kazi mbili tofauti, kama uchoraji na uchongaji. Hakuna mtu mwenye akili anayesema mchoraji ni mchongaji aliyekosa mbao.

Wenye kudharau 2D wanapenda kusimulia historia kama ngazi: chini kulikuwa michezo bapa, kisha dunia ikapanda kwenye 3D, na aliyebaki chini ni wa nyuma. Historia yenyewe inawakatalia. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilikuwa na uzito wa kilobaiti 40 hivi. Picha moja ya harusi iliyopigwa kwa simu ya leo inaweza kumeza mchezo huo mzima mara 50. Red Dead Redemption 2, ilipotoka kwenye kompyuta mwaka 2019, ilidai nafasi ya giga 150, yaani karibu mara milioni 4 ya Mario. Je, furaha ya mchezaji iliongezeka mara milioni 4? Mario ya 1985 ingali inachezwa, na mtoto yeyote anayeishika mara ya kwanza anaelewa baada ya sekunde kumi kwamba shimo linaua na uyoga unasaidia, bila kusoma neno hata moja.

Ao chukua Tetris. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984 kwenye mashine ya Elektronika 60, ambayo haikuweza kuonyesha picha hata kidogo. Ilijua herufi tu. Pajitnov akajenga matofali yake kwa alama za mabano. Mchezo uliozaliwa bila picha ukazunguka dunia nzima. Mkufunzi anayewaambia vijana wangoje mashine kubwa angemwambia nini Pajitnov?

Kuna kisa kingine ambacho kila muuzaji wa simu angepaswa kukisoma. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy, mashine ndogo ya mkononi iliyobuniwa na kundi la Gunpei Yokoi. Kioo chake hakikuwa na rangi, kilikuwa na kijani kilichokolea na kijani kilichofifia. Mwaka uliofuata Sega ikaleta Game Gear, yenye rangi na taa nyuma ya kioo. Kwa macho, Game Gear ilishinda siku ya kwanza. Lakini ilikuwa inameza mawe sita na kuyamaliza kwa muda wa saa 3 hadi 5, wakati Game Boy iliweka mawe manne na kudumu zaidi ya saa 10. Game Boy pamoja na ndugu yake wa rangi ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear haikukaribia. Mtu yeyote aliyewahi kuishi pahali pasipo umeme hahitaji profesa wa kumweleza kwa nini.

Yokoi huyohuyo alijaribiwa baadaye na tamaa ya 3D. Mwaka 1995 Nintendo ilitoa Virtual Boy, mashine ya kuweka usoni yenye kuonyesha kina cha kweli, kila jicho na picha yake. Rangi yake ilikuwa nyekundu tu juu ya weusi. Wachezaji walilalamika juu ya maumivu ya kichwa na macho, na mashine haikumaliza hata mwaka mmoja sokoni. Kina kilikuwepo, mchezo wa kuvuta watu ndio haukuwepo.

Hata ile michezo ambayo vijana wanaapa kwamba ni 3D mara nyingine inawadanganya macho. Doom ya 1993, babu wa michezo yote ya kushika bunduki mbele ya kioo, ilikuwa na ramani bapa kabisa: chumba hakikuweza kukaa juu ya chumba kingine, na mashetani yake yalikuwa michoro ya karatasi inayomgeukia mchezaji. Ilikuwa ujanja, na ujanja wenyewe ndio uliofanya kazi. Kwa upande mwingine, Minecraft ni 3D ya kweli, lakini imejengwa kwa matofali makubwa ambayo mtoto wa darasa la pili anaweza kuyachora. Mwenye kuchanganya "3D" na "kufanana na kweli" hajafungua macho.

"Lakini leo hakuna anayenunua 2D," wanasema. Wamesikia wapi? Stardew Valley, mchezo wa kulima shamba, ni wa picha bapa za vidoti kama za miaka ya 1990. Ulitolewa mwaka 2016 na mtu mmoja, Mmarekani Eric Barone, aliyefanya peke yake michoro, muziki, hadithi na programu kwa muda wa miaka minne hivi. Mpaka mwisho wa 2024 ulikuwa umeuzwa zaidi ya nakala milioni 40. Kwenye kompyuta unaomba nafasi ya mega 500 tu. Hollow Knight, ya 2D, ilitengenezwa na kundi dogo sana la Adelaide, Australia, ikatoka 2017. Ilipofika Septemba 2025 na mfuatano wake Silksong, ya 2D pia, ikafunguliwa kuuzwa, maduka makubwa ya michezo kwenye intaneti yalikwama kwa wingi wa watu waliogonga mlango pamoja. Hao hawakukosa makuta ya kununua 3D. Walikuwa na mashine za kila aina, wakachagua bapa.

Haki itendeke: kuna fasi ambapo 3D inashinda, na kubisha hapo ni ukaidi. Mpira wa miguu ni mmoja. Pasi ya juu inayopita kichwani mwa beki, kona inayopinda, kipa anayetoka golini, vyote vinataka kina, na ndiyo maana vijana wanapanga foleni kwenye maneti ya FIFA na PES. Mbio za gari vilevile. Grand Theft Auto ni mfano mzuri zaidi: ile ya kwanza, ya 1997, ilionyesha mji kutoka juu kama ndege anayeruka juu ya mapaa, ile ya tatu, ya 2001, ilimshusha mchezaji barabarani, na mji ukawa mji. Hapo kina kilileta kitu kipya, si urembo tu. Kwa hiyo swali la kuuliza kila mara ni moja: mchezo huu unahitaji kina kwa kazi gani? Kama jibu ni "ili upendeze kwenye matangazo", basi mchezaji ndiye anayelipa mega za matangazo hayo.

Na mega zina bei. Mchezo wa kupigana kama Free Fire unadai mamia ya mega kuupakua, na haujakaa wiki nyingi kabla ya kuomba nyongeza nyingine. Kwa familia iliyo ndani ya hema, simu ni moja, na simu hiyo ndiyo inayopokea habari za waliobaki kijijini, ndiyo inayopokea pesa kidogo kutoka kwa ndugu, ndiyo radio ya jioni. Kuitia moto kwa mwenye plake ya jua ni franka, na kila mara ni franka tena. Mtoto akiimaliza batiri kwa nusu siku ya 3D, mama anakosa simu usiku. Ugomvi wa namna hiyo unajulikana kwenye kambi nyingi, na si ugomvi wa kuchekea. Mchezo wa 2D wenye mega 30 ao 50, ambao hauhitaji intaneti baada ya kupakuliwa, ambao mtoto anaweza kupokea kutoka simu ya jirani, unamwacha mtoto acheze na mama abaki na simu yake. Mwenye kuutukana mchezo huo ajue anamtukana nani.

Kuna jambo lingine ambalo wenye nyumba za video hawapendi kuguswa. Mchezo mkubwa wa 3D unaopendwa na vijana wa mashariki ya Kongo ni vita. Katika Free Fire watu 50 wanashuka na parachuti kwenye kisiwa, wanaokota silaha, wanauana hadi abaki mmoja ao kundi moja. Hakuna mama aliyebeba godoro kichwani. Hakuna mtoto aliyepotea njiani. Nyumba kwenye kisiwa hicho ni za kujifichia na kuokota risasi, hakuna anayezikaa. Kina chote hicho, vivuli vyote hivyo, majani yote yanayotikisika, na jambo ambalo kila mkimbizi wa ndani analijua kuhusu vita halimo!

Mahali lilipo ni kwenye michezo ambayo vijana wanaicheka. This War of Mine, ya 2014, ilitengenezwa Warsaw, Poland, na studio ya 11 bit, na chanzo chake kikubwa ni mzingiro wa Sarajevo wa miaka ya 1990. Mchezaji haongozi askari. Anaongoza raia waliojificha ndani ya nyumba iliyobomoka: nani ale leo, nani alale, nani atoke usiku kutafuta dawa, na kama mlango wa wazee wawili utavunjwa ili kuwanyang'anya chakula. Watu wake wamejengwa kwa 3D, ni kweli, lakini mchezo wote unaonekana kutoka ubavuni, nyumba kama imekatwa kwa kisu, kwa rangi za makaa. Ubapa huo una kazi: unaona vyumba vyote kwa mara moja, mgonjwa juu, mwenye njaa chini, na huwezi kugeuza kamera ili usiwaone. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kwamba inauweka kwenye orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wakubwa wa sekondari. Upo pia kwenye simu.

Papers, Please ya 2013 ni bapa kabisa na ina picha chakavu za makusudi. Lucas Pope aliitengeneza peke yake. Mchezaji ni ofisa wa mpakani katika nchi ya kubuni. Watu wanapita mbele yake na makaratasi, muhuri mmoja unakosekana, mume amepita na mke karatasi yake haijatimia, na mshahara wa ofisa hautoshi kulisha nyumba yake. Aliyewahi kusimama kwenye barriere na kadi ya uchaguzi mkononi atauelewa kuliko mchezaji wa Paris. Tangu 2022 nao uko kwenye simu. Na kuna mwingine, uliotengenezwa Ufaransa mwaka 2017, Bury Me, My Love, ambamo mume aliyebaki Siria anaandikiana ujumbe na mke wake aliye njiani kwenda Ulaya. Picha zake ni chache na bapa, zilizobaki ni maneno kwenye kioo. Unapatikana kwa Kifaransa. Hakuna pembetatu hata moja ndani yake inayohitajika ili mtu ashikwe na moyo anapongoja jibu la ujumbe ambalo haliji.

Hapa mtu mmoja ataleta hoja ya kazi: studio kubwa zinaajiri watu wa 3D, wasanifu wa nyumba wanatumia 3D, sinema pia. Ni kweli, na kijana mwenye mashine na umeme ajifunze, programu ya Blender ni ya bure. Lakini studio zenye kuajiri mamia haziko Kivu wala Ituri. Kijana wa Goma anayetaka kutengeneza mchezo atakuwa mchoraji, mwandishi na fundi kwa wakati mmoja, pamoja na rafiki wawili kama ana bahati. Mchezo wa 3D kwa watu watatu wenye kompyuta moja ya mitumba ni kazi isiyoisha. Mchezo wa 2D unaweza kuisha. Na mchezo ulioisha, hata mdogo, ndio unaoonyeshwa kwa mtu mwenye kutoa kazi.

Watu wa Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, walilielewa jambo hilo. Mchezo wao wa kwanza mkubwa, Aurion, uliotoka 2016, ni wa 2D iliyochorwa kwa mkono, wenye wafalme, mavazi na hekaya za Kiafrika. Hawakungoja.

Lual Mayen wa Sudan Kusini naye hakungoja. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu ili amnunulie kompyuta ya dola 300, na kijana alikuwa anatembea saa 3 kufika pahali pa kuitia moto. Kwenye mashine hiyo akajifundisha programu, akatengeneza mchezo wa amani, Salaam, ambao mchezaji wake ni mkimbizi. Kompyuta ya dola 300 kambini! Wakufunzi wenye kusema "bila mashine kubwa haiwezekani" wamweleze huyo.

Na kuna aibu moja inayostahili kutajwa hata kama inatoka kidogo nje ya mada. Ndani ya simu na konsoli hizi mna kondansata ndogo zenye tantali, na tantali inatokana na koltani, ile inayochimbwa Rubaya, Masisi, kwa jembe na mikono. Nchi inayotoa jiwe ndiyo inayochekwa kwamba simu yake haiwezi kufungua 3D. Watoto wa waliofukuzwa kwenye vilima hivyo hawana deni la kuona haya mbele ya mtu yeyote juu ya picha bapa.

Isitoshe, ubapa si kitu kigeni hapa. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora historia nzima ya nchi katika miaka ya 1970, picha baada ya picha, bapa, zenye maandishi ndani yake, na wataalamu wa dunia wangali wanazisoma hadi leo. Chéri Samba anaandika na kuchora kwenye turubai moja na makumbusho ya Ulaya yanamnunua. Hakuna aliyewaambia kwamba kina kimekosekana. Kijana wa Kongo amekulia kati ya picha za ukutani za salon ya kunyoa, za butiki ya dawa, za mlango wa mgahawa. Mkono anao tayari.

Vifaa navyo vipo. Daftari ya shule ya Kongo ina viboksi. Kila kiboksi ni kidoti kimoja cha picha ya mchezo. Mtoto anaweza kumchora shujaa wake kwa viboksi 16 kwa 16, akamtia rangi kwa kalamu, akamchora mara nne akibadilisha miguu, na shujaa anatembea. Michezo ya miaka ya 1980 ilichorwa kwa hesabu hiyohiyo. Baadaye, siku kompyuta inapopatikana, michoro inahamishiwa kwenye Godot, programu ya bure ya kutengeneza michezo, isiyodai leseni, inayoingia kwenye flashi ndogo na kufanya kazi ya 2D kwenye kompyuta dhaifu bila intaneti.

Vituo vya kufundisha kompyuta, vile vya parokia, vile vya mashirika, na vile vya watu binafsi vinavyodai dola kwa mwezi, viulizwe na wazazi kabla ya kulipa: wanafunzi wa mwaka jana wamemaliza mchezo gani? Si video ya kuonyesha gari la 3D linalozunguka bila kwenda popote. Mchezo wenye mwanzo na mwisho, ambao mtu anaweza kuuweka kwenye simu yake na kuucheza. Kama hakuna hata mmoja, ada irudi mfukoni, na mtoto anunuliwe daftari ya viboksi na kalamu za rangi kwanza.